Breki huonya kabla ya kukataa: mwongozo wa kutunza gari katika barabara za milima

Taarifa za ajali za barabarani hufika kwenye chumba cha habari kwa lugha kadhaa, nasi huzitafsiri kwa Kiswahili kabla ya kusomwa. Mara kwa mara hujirudia sentensi moja: dereva amesema breki zilikataa. Anayesikia anaweza kudhani kwamba breki hukataa kama radi inavyopiga, bila taarifa na bila sababu. Ni nadra kuwa hivyo. Kwa kawaida breki hutoa dalili kwa siku au wiki kadhaa kabla ya kushindwa, na hata zile zinazoshindwa katikati ya mteremko huonya dakika chache kabla. Makala haya yanaeleza dalili hizo, sababu zake na hatua ambazo mwenye gari la kawaida anaweza kuchukua. Yanaeleza pia tatizo la pili linalotokana na milima hiyo hiyo, yaani injini kuchemsha.

Barabara zetu na joto

Wengi wa wasikilizaji wetu huishi au husafiri katika nyanda za juu. Kigali iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya kutoka Huye kwenda Rusizi hupita katika msitu wa Nyungwe, kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000, kabla ya kuteremka kuelekea Ziwa Kivu. Nchini Burundi, barabara ya taifa namba 1 huanzia Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mita zipatazo 800, na kupanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, katika umbali usiozidi kilomita 40. Wakazi wa Bukavu wanaoteremka kwenda Kamanyola na Uvira wanaufahamu mteremko wa namna hiyo, na wakazi wa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, wamezungukwa na vilima pande zote.

Katika kupanda, injini hufanya kazi kubwa na kutoa joto jingi. Katika kushuka, joto hilo huhamia kwenye breki, kwa sababu kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Chukua gari dogo ambalo, pamoja na abiria na mizigo, lina uzito wa kilo 1,500. Likiteremka mwinuko wa mita 1,200, nguvu inayopaswa kuzuiwa ingetosha kuchemsha takriban lita 50 za maji baridi, yaani madumu mawili na nusu ya lita 20. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo na injini. Dereva akitegemea breki peke yake, karibu yote iliyobaki huishia kwenye vyuma vyenye uzito wa kilo chache katika kila gurudumu.

Kwa nini breki hupoteza nguvu

Joto hudhoofisha breki kwa njia mbili. Njia ya kwanza iko kwenye pedi. Pedi zinapopata moto kupita kiasi, msuguano kati yake na diski hupungua. Dereva hukanyaga na pedali hubaki ngumu kama kawaida, lakini gari halipunguzi mwendo ipasavyo. Dalili yake ni harufu kali ya kuungua, na wakati mwingine moshi kwenye magurudumu.

Njia ya pili iko kwenye mafuta ya breki. Hayo ndiyo yanayobeba shinikizo kutoka kwenye mguu wa dereva hadi kwenye gurudumu. Kimiminika hakibonyei, na kwa hiyo shinikizo hufika. Mvuke hubonyea. Mafuta ya breki yakichemka, mapovu ya mvuke hujitokeza ndani ya mabomba, na pedali huzama hadi chini bila gari kusimama. Hapo ndipo dereva husema breki zimekataa.

Mafuta ya breki yana tabia moja ambayo wenye magari wengi hawaijui: hunyonya unyevu kutoka hewani, taratibu, mwaka baada ya mwaka. Kadiri yanavyonyonya maji, ndivyo yanavyochemka mapema. Kwa mujibu wa viwango vya kimataifa, mafuta mapya ya daraja la DOT 3 yanapaswa kustahimili angalau nyuzi joto 205 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya unyevu wa kiwango cha majaribio, ambacho hakifiki asilimia 4, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni nyuzi 230 yakiwa mapya na nyuzi 155 yakiwa na unyevu. Gari linaweza kuendeshwa mjini kwa miaka mingi na mafuta yaliyochakaa bila dereva kuhisi lolote. Siku ya kwanza ya kuteremka mlima mrefu, likiwa limejaa abiria, ndiyo siku ya mtihani. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi wa magari hushauri mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halikutembea sana.

Neno lenyewe linaweza kupotosha. Tunayaita mafuta ya breki, lakini si mafuta kama oili ya injini. Kumimina oili ya injini, au mafuta ya usukani, kwenye chupa ya breki huharibu mipira yote ya mfumo huo: hufura, huvuja, na breki huweza kupotea kabisa. Kosa hilo likitokea, gari lisiendeshwe hadi fundi asafishe mfumo mzima na kubadilisha mipira.

Dalili za kuzingatia

Dereva hahitaji kuwa fundi ili kutambua dalili zifuatazo:

Pedali laini, inayorudi vizuri ikikanyagwa mara mbili au tatu kwa haraka. Mara nyingi kuna hewa ndani ya mabomba, au mafuta yamepungua.

Pedali inayozama polepole mguu ukiwa umeikanyaga gari likiwa limesimama. Kuna uvujaji, ama kwenye pampu kuu ya breki ama mahali pengine.

Mlio mwembamba wa chuma wakati wa kukanyaga. Pedi nyingi zina kipande kidogo cha chuma kinachopiga kelele zinapokaribia kwisha. Pedi iliyobaki na unene wa milimita 3 au chini ya hapo ibadilishwe.

Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma. Pedi zimekwisha na diski inaliwa. Gari lisimamishwe.

Gari kuvuta upande mmoja wakati wa kufunga breki. Upande mmoja haufanyi kazi sawa na mwingine.

Usukani kutetemeka wakati wa kufunga breki kwenye mwendo mkubwa. Kwa kawaida diski hazina tena unene sawa.

Taa nyekundu ya breki kwenye dashibodi, ilhali breki ya mkono imeachiwa. Kagua mafuta mara moja. Usiongeze tu na kuendelea na safari, kwani mafuta ya breki hayapungui bila sababu. Ama pedi zimelika sana, ama yanavuja.

Namna ya kuteremka mlima

Kanuni ya zamani bado ni sahihi: teremka kwa gia ile ile ambayo ungeitumia kupanda. Gia ndogo huifanya injini izuie mwendo, na breki hubaki baridi kwa ajili ya kona na dharura. Chagua gia kabla ya mteremko kuanza, si baada ya gari kushika kasi.

Magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani yana gia za kujiendesha zenyewe, na wamiliki wengi hutumia alama ya D peke yake toka siku ya kununua hadi siku ya kuuza. Kwenye mteremko mrefu, tumia alama 2, L au S, kulingana na gari lako. Katika magari yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, alama B hufanya kazi hiyo. Baadhi ya magari yana kitufe kilichoandikwa O/D kando ya mkono wa gia. Kukibonyeza huondoa gia ya juu kabisa na husaidia kwenye miteremko ya wastani.

Usishike breki kidogo kidogo kwa muda wote wa kushuka. Ni afadhali kuzikanyaga kwa uthabiti kwa muda mfupi hadi mwendo upungue, kisha kuziachia zipate upepo, na kurudia tena inapobidi.

Kuna desturi moja ambayo imegharimu maisha: kuweka gari kwenye gia huru, au nyutro kama wengi wanavyosema, ili kuokoa mafuta. Mafuta yanapokuwa haba au ghali, kishawishi huwa kikubwa zaidi. Lakini katika magari ya kisasa desturi hiyo haina hata faida inayotafutwa. Gari likiteremka kwenye gia na mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta, mfumo wa umeme hukata petroli kabisa. Likiwa kwenye gia huru, injini huendelea kunywa mafuta ili isizimike. Kuzima injini ni hatari zaidi: usukani huwa mzito, breki hupoteza msaada wa injini baada ya kukanyagwa mara chache, na ufunguo ukizungushwa hadi mwisho usukani unaweza kujifunga.

Ukisikia harufu ya kuungua, simama mapema mahali penye nafasi na usubiri kwa nusu saa au zaidi. Acha gari kwenye gia au kwenye alama P, na uweke jiwe mbele ya gurudumu. Usimwagie breki maji, kwa maana chuma chenye moto mkali kikipata baridi ghafla hupinda au hupasuka. Ukiondoka, ondoa jiwe ulilotumia. Jiwe lililoachwa barabarani ni hatari kwa mwendesha pikipiki atakayepita usiku.

Zikikataa ukiwa njiani

Kanyaga pedali haraka haraka mara kadhaa. Wakati mwingine shinikizo hurudi kwa kiasi. Shusha gia moja baada ya nyingine. Vuta breki ya mkono polepole huku ukibonyeza kitufe chake, ili uweze kuiachia magurudumu yakianza kuteleza. Washa taa za hatari na upige honi mfululizo. Usizime injini gari likiwa kwenye mwendo. Ikiwa gari bado halipungui, tafuta njia inayopanda, shamba au ukingo wa udongo upande wa mlima. Kuliegemeza gari kwenye ukingo kutaharibu bodi, lakini upande wa pili wa barabara za milimani mara nyingi ni bonde.

Injini inapochemsha

Kwenye usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi joto 100. Kila unapopanda mita 300, kiwango hicho hupungua kwa takriban nyuzi 1. Mjini Kigali maji ya sufuria huchemka kwa nyuzi 95 hivi, na kwenye vilele vya barabara tulizozitaja huchemka mapema zaidi. Injini nyingi hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 85 hadi 100. Kwa hiyo, milimani, maji ya rejeta yangechemka kila siku kama si kifuniko chake. Kifuniko hicho hushikilia shinikizo ndani ya mfumo na kupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi zipatazo 20. Kifuniko chenye mpira uliochoka, kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo wa kupoza, kinaweza kuwa sababu ya injini kuchemsha kila unapopanda mlima.

Sababu nyingine ni maji kupungua, bomba la mpira kupasuka, feni isiyozunguka, pampu ya maji iliyochoka, themostati iliyoganda, au rejeta iliyoziba kwa kutu na matope. Kutu hutokana zaidi na mazoea ya kujaza maji matupu. Kipozeo maalumu, ambacho mafundi wengi hukiita kulanti, kina dawa ya kuzuia kutu na huchemka kwa joto la juu kidogo kuliko maji. Maji safi yanaweza kukuokoa njiani, lakini baada ya safari mfumo unapaswa kusafishwa na kujazwa kipozeo. Kihifadhiwe mbali na watoto na wanyama: aina nyingi zina ladha tamu na ni sumu inayoua.

Baadhi ya mafundi huondoa themostati na kumwambia mteja kwamba nchi za joto haziihitaji. Ushauri huo si sahihi. Bila themostati injini huchelewa kupata joto lake la kazi, hasa asubuhi za milimani, hutumia petroli zaidi na huchakaa mapema. Kama imeganda, dawa ni kuweka mpya.

Mshale wa joto ukipanda kupita kawaida, zima kiyoyozi na uwashe hita kwa nguvu yote, hata kama inakera. Hita huondoa joto kwenye injini. Tafuta mahali salama pa kusimama. Ukiona mvuke, au mshale ukifika kwenye alama nyekundu, zima injini. Kutoka hapo, kazi ngumu kuliko zote ni kusubiri. Usifungue kifuniko cha rejeta kwa angalau nusu saa. Maji yaliyo chini ya shinikizo hulipuka yakifunguliwa na kuunguza uso na mikono. Injini ikishapoa, funika kifuniko kwa kitambaa kizito, kizungushe kidogo, acha shinikizo litoke, kisha ufungue. Usimimine maji baridi kwenye injini ambayo bado ina moto, kwani chuma chake kinaweza kupasuka.

Ukiona moshi mweupe mzito usioisha kwenye ekzosi, oili iliyogeuka kuwa kama chai ya maziwa, au kipozeo kinachopungua bila kuvuja popote, huenda gasketi ya kichwa cha injini imeungua. Usiendelee na safari. Kulipia gari la kuvuta ni nafuu kuliko kununua injini.

Unapofika gereji

Katika miji yetu Kiswahili kimekuwa lugha ya gereji kwa muda mrefu. Buyenzi, mjini Bujumbura, inajulikana kwa mambo mawili, mafundi wake na Kiswahili chake. Hata hivyo, majina ya vipuri hubadilika kutoka mji hadi mji, na pale ambapo Kifaransa kilitawala utasikia feri kwa breki, plaketi kwa pedi na ambreyaji kwa klachi. Mteja asiyeelewa jina la kipuri hulipia asichokijua. Usione aibu kumwomba fundi akuonyeshe kipuri chenyewe kwa kidole.

Mweleze fundi unachokiona na kukisikia, usimpe jibu lako. Sema "gari linavuta kushoto nikifunga breki", badala ya "nibadilishie pedi". Omba vipuri vya zamani virudishwe mkononi mwako. Mafuta ya breki yanunuliwe kwenye chupa ambayo haijafunguliwa, na ifunguliwe mbele yako, kwa kuwa chupa iliyokaa wazi imeshanyonya unyevu. Angalia daraja lililoandikwa kwenye kifuniko cha chupa ya breki ya gari lako. DOT 3 na DOT 4 huweza kuchanganyika, lakini DOT 5, yenye asili ya silikoni, isichanganywe nazo.

Ukinunua tairi, hasa lililotumika, tafuta tarakimu nne za mwisho ubavuni. Tairi lililoandikwa 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata usipotembea, na mashimo mazuri hayathibitishi kwamba tairi ni changa.

Ratiba ya ukaguzi

Kila wiki, gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa baridi: oili, kipozeo, mafuta ya breki, upepo wa tairi, na sakafu chini ya gari kuona kama kuna tone lolote.

Kabla ya safari ya mlimani: kanyaga pedali ya breki kwa nguvu kwa nusu dakika uone kama inazama, jaribu breki ya mkono kwenye mteremko mdogo, hakikisha una maji ya akiba, jeki, tairi la akiba lenye upepo na pembetatu ya tahadhari.

Kila miezi sita: fundi aondoe magurudumu na kupima pedi, diski na mabomba ya mpira.

Kila miaka miwili: mafuta mapya ya breki. Kipozeo kibadilishwe kwa muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari.

Ukaguzi wa lazima wa serikali una thamani yake, lakini huonyesha hali ya gari siku hiyo moja. Dereva yuko na gari lake siku zilizobaki, na abiria walioketi nyuma yake, mara nyingi watoto na wazee wake mwenyewe, hawana njia ya kujua kwamba pedali imeanza kuwa laini. Mwenye kujua ni yeye peke yake.